Muwasho usiokwisha: Kabla ya kutuhumiana, pimeni sukari

Alfajiri, lori la vitunguu vya Mang'ola limeshashika foleni Namanga. Mama mwenye mzigo ameshuka kutafuta choo, na hii ni mara ya tatu tangu waondoke Arusha. Kiu haimwishi. Mkononi ana chupa ya soda, ya pili tangu usiku. Lakini kinachomsumbua zaidi hawezi kumwambia dereva wala wenzake walioketi juu ya magunia: muwasho sehemu za siri, uliopona mwezi uliopita na sasa umerudi.

Mama huyu anaweza kuwa wa Namanga, Busia, Mutukula, Rusumo au Goma. Mzigo hubadilika, leo vitunguu, kesho vitenge, dagaa au viatu vya mitumba, lakini mkondo wa tatizo ni ule ule. Nairobi ananunua krimu kwenye duka la dawa. Inatuliza siku tano, kisha hali inarudi. Akifika nyumbani anakwenda zahanati, anaeleza kwa kifupi huku ameinamisha kichwa, anapewa vidonge vya magonjwa ya zinaa na kuambiwa aje na mwenzake.

Hapo ndipo moto unapowaka. Mume anaanza kuhesabu siku ambazo mkewe amelala gesti ng'ambo ya mpaka. Mke naye anahesabu siku alizomwacha mume peke yake. Kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake ndiye aliyeleta ugonjwa. Ndugu wanaitwa, mtaji unagawanywa, safari zinapigwa marufuku. Katika yote hayo, hakuna aliyefikiria kumtoboa mama kidole na kupima sukari.

Si kila muwasho ni kisukari, na magonjwa ya zinaa yapo. Hata hivyo, kwa mwanamke ambaye fangasi humrudia mara kwa mara, kipimo cha sukari ni miongoni mwa vipimo vya kwanza anavyostahili kupata. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF) lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika ukanda wake wa Afrika wanaishi na ugonjwa huo, na kwamba zaidi ya nusu yao, asilimia 54, hawajui kama wanao. Kwa baadhi ya wanawake, dalili ya kwanza huwa ni ile inayoonewa haya.

Sukari inavyofika huko

Mwili wenye afya huitumia sukari ya chakula kama nguvu, na kazi ya kuifungulia mlango wa kuingia kwenye seli hufanywa na insulini. Insulini ikipungua au mwili ukiwa mgumu kuitii, sukari hubaki kwenye damu. Inapopanda na kupita takriban 10 mmol/L, figo hushindwa kuizuia na kuanza kuimwaga kwenye mkojo. Sukari hiyo huvuta maji, ndiyo maana mtu hukojoa mara kwa mara na kukaukwa na koo.

Mfanyabiashara wa njia ndefu hukosea tafsiri ya dalili hizi kirahisi. Kiu anaipa vumbi na jua, uchovu anaupa kukesha barabarani, na kukojoa sana anakupa baridi ya usiku. Akitaka kukata kiu ananunua soda, na chupa moja ya nusu lita ina sukari inayozidi vijiko 10 vya chai. Kwa vile vyoo safi njiani ni vichache, wengi hubana mkojo kwa saa nyingi au kuacha kabisa kunywa maji, na mazoea hayo huipa nafasi UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo mwenye kisukari tayari yuko karibu nayo.

Fangasi wa ukeni ni viumbe ambao mwanamke anaweza kuwa nao bila kuugua. Huwa wachache na hudhibitiwa na bakteria wazuri pamoja na kinga ya mwili. Sukari inapozidi kwenye mkojo na majimaji ya uke, fangasi hupata chakula. Wakati huohuo chembe za kinga hufanya kazi kwa uvivu. Matokeo yake ni muwasho mkali, wekundu, ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, na kuungua wakati wa kukojoa au wa tendo la ndoa. Krimu huua fangasi wa leo, lakini sukari ikibaki juu, wa kesho hukuta meza imeandaliwa.

Kwa hiyo mwanamke anaweza kupata fangasi bila kulala na mtu yeyote nje ya ndoa, na hata bila kulala na mtu kabisa. Fangasi wa ukeni hawahesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa. Sentensi hiyo moja, ikisemwa na mhudumu mbele ya mume na mke, inaweza kuokoa nyumba.

Hamu inapokauka

Fangasi ni sehemu inayoonekana. Kuna sehemu nyingine ambayo wanawake huitaja kwa nadra zaidi: kukosa hamu, ukavu ukeni, maumivu wakati wa tendo na kushindwa kufika kileleni.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu. Wengi wanajua jinsi hali hiyo inavyoleta ganzi na kuchoma kwa nyayo. Mishipa ya namna hiyohiyo ndiyo inayopeleka damu na hisia kwenye viungo vya uzazi. Damu isipofika ya kutosha, ute unaolainisha uke hupungua. Hisia zikififia, tendo huwa kazi isiyo na raha, na penye ukavu huja michubuko, kisha maumivu, kisha hofu. Mwanamke aliyeumia mara tatu hutafuta sababu ya kulala mapema.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013, uliojumlisha tafiti zaidi ya 20, ulionyesha kuwa uwezekano wa matatizo ya tendo la ndoa kwa wanawake wenye kisukari ni zaidi ya mara mbili ukilinganisha na wasio nacho, iwe ni aina ya kwanza au ya pili.

Lakini mishipa haielezi yote. Utafiti wa muda mrefu wa kisukari cha aina ya kwanza ulioanza Marekani na Kanada mwaka 1983 ulikuja kutoa taarifa mwaka 2009 kuhusu maisha ya kimapenzi ya wanawake waliofuatiliwa. Takriban theluthi moja walikuwa na matatizo hayo, na jambo lililohusiana nayo kwa nguvu lilikuwa sonona, yaani huzuni nzito isiyotoka. Kwa hiyo daktari anayetibu sukari bila kuuliza hali ya moyo anatibu nusu. Mwanamke anayelala masaa manne, anayedaiwa na kikundi cha kukopeshana, anayejichoma sindano kwa siri ili wenzake wasidhani ana ugonjwa mwingine, ana sababu za kutosha za kukosa hamu hata kabla sukari haijagusa mshipa wowote.

Kuna pia umri. Wafanyabiashara wengi wa mpakani wenye mtaji uliosimama ni wanawake wa miaka 40 na 50, kipindi ambacho hedhi inaelekea kukoma na homoni inayolainisha uke inapungua. Ukavu wa umri na ukavu wa sukari hukutana. Kuambiwa kwamba ni uzee tu kunaweza kuchelewesha kipimo kwa miaka.

Walio mpakani, hawajavuka

Kati ya mwenye afya na mwenye kisukari kuna eneo la katikati, ambalo mfanyabiashara anaweza kulielewa kuliko mtu mwingine: sukari imeshafika mpakani, ila haijagonga muhuri wa kuvuka. Wahudumu huiita hatua ya awali ya kisukari. Mara nyingi haina dalili. Dalili chache zinazoonekana ni weusi mzito kama mahameli shingoni au kwapani, kitambi, na kwa wanawake wa umri wa kuzaa, hedhi inayoruka miezi. Wanawake ambao mirija si tatizo lakini mayai hayapevuki vizuri, hali inayoambatana na vinyweleo kidevuni na chunusi, wako kwenye hatari kubwa ya kufika eneo hili. Vilevile yule aliyepata kisukari cha mimba au kujifungua mtoto wa kilo 4 na zaidi.

Namba zenyewe si ngumu. Mtu akipima asubuhi bila kula kwa saa nane au zaidi, na akapata 7.0 mmol/L au zaidi, anapaswa kupimwa tena kuthibitisha kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 yuko kwenye hatua ya awali kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani (WHO). Chama cha kisukari cha Marekani huanzia chini zaidi, 5.6. Akipima wakati wowote na kupata 11.1 au zaidi huku ana dalili, asisubiri.

Kwa anayevuka mipaka kuna mtego. Nchi hazitumii kipimo kimoja. Vituo vingi vya Tanzania, Kenya na Uganda huandika mmol/L. Upande wa Kongo na Burundi, ambako utabibu umefuata desturi ya Kifaransa, anaweza kukutana na mg/dL, na namba zake ni kubwa mara 18. Hivyo 7.0 ya Arusha ni sawa na 126 ya Bujumbura, na 11.1 ni sawa na 200. Mwanamke aliyezoea kuona 6 akisoma 108 anaweza kuzimia kwa hofu bure. Aliye na 13 naye anaweza kujifariji kwamba ni namba ndogo. Kipimo kiandikwe kwenye daftari pamoja na alama yake, kama vile bei inavyoandikwa pamoja na jina la sarafu.

Kwa nini hawaulizwi

Miji ya mipakani imepokea kwa miaka mingi miradi ya kupambana na VVU kwa madereva wa malori, wahudumu wa gesti na wafanyabiashara. Miradi hiyo imeokoa maisha. Kivuli chake ni kwamba mwanamke msafiri mwenye dalili sehemu za siri huonekana kwanza kama mgonjwa wa zinaa.

Aidha, katika zahanati nyingi zisizo na maabara kubwa, uchafu ukeni hutibiwa kwa kufuata dalili: mgonjwa hupewa mseto wa dawa unaolenga vijidudu kadhaa kwa mpigo. Utaratibu huo una mantiki pale ambapo vipimo havipo. Lakini antibayotiki zisizohitajika huua pia bakteria wazuri wanaowazuia fangasi, na mgonjwa wa sukari hurudi akiwa na hali mbaya zaidi.

Kwenye kliniki za kisukari nako kuna ukimya wa aina yake. Mwanamume huulizwa kuhusu nguvu za kiume, na mabango yapo. Mwanamke huulizwa macho, miguu na figo. Yeye haulizi kwa kuona haya, mhudumu haulizi kwa kuogopa kumwaibisha, na kadi inajazwa bila jambo hilo kuandikwa. Anayetaka kuvunja ukimya hahitaji hotuba. Inatosha kusema kwamba fangasi wamerudi mara tatu mwaka huu, au kwamba tendo la ndoa linauma tangu miezi sita iliyopita, kisha kuomba kupimwa sukari. Akipenda kuhudumiwa na muuguzi wa kike, ana haki ya kuomba.

Kwa kuwa fangasi wanaorudia wanaweza pia kutokana na kinga iliyoshushwa na VVU, ni busara kupima vyote viwili siku hiyohiyo. Damu baada ya tendo, harufu kali, vidonda, au homa pamoja na maumivu ya kiuno havipaswi kusingiziwa sukari. Hivyo vinahitaji uchunguzi wa haraka, ikiwemo wa mlango wa kizazi.

Tiba za sokoni zinazoongeza tatizo

Kwenye meza za mipakani, kando ya betri na vipodozi, huuzwa vidonge vya kukaza uke, unga wa kukausha, sabuni za kuondoa harufu na maji ya kujifusha. Kwa mwanamke mwenye kisukari bidhaa hizi zina madhara maradufu. Kuosha ndani kwa sabuni au dawa huondoa kinga ya asili. Ukavu wa kutengenezwa huleta michubuko, na michubuko kwa mwenye sukari ya juu hupona polepole na kufungua njia ya maambukizi, VVU vikiwemo. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi hutuliza muwasho haraka, lakini zinaweza kuwapa fangasi nafasi ya kustawi.

Wanaopambana na ukavu kwa mafuta ya kujipaka au ya kupikia wajue kwamba mafuta hudhoofisha kondomu za mpira. Vilainishi vya maji, vinavyopatikana kwenye maduka mengi ya dawa, ndivyo salama pamoja na kondomu.

Dawa halali nazo zina mambo yake. Kuna kundi jipya la vidonge vya kisukari, kama dapagliflozin na empagliflozin, vinavyofanya kazi kwa kuitoa sukari kupitia mkojo. Ni dawa nzuri kwa moyo na figo, lakini zinaongeza fangasi sehemu za siri. Baadhi ya dawa za presha na za sonona hushusha hamu. Dawa hizi zisiachwe kimyakimya. Mgonjwa amweleze daktari, kwani mara nyingi kuna nyingine ya kubadilisha.

Kinachorudi

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo haya hutibika. Fangasi hutibiwa kwa vidonge vya kuweka ukeni au vya kumeza, ingawa mwenye kisukari anaweza kuhitaji dozi ndefu kuliko ya kawaida, na mjamzito hapaswi kumeza dawa ya fangasi bila ushauri. Sukari ikishuka, kurudi kwao hupungua. Ukavu una vilainishi, na kwa waliokoma hedhi daktari anaweza kuandika krimu ya homoni ya kupaka. Sonona ina tiba ya mazungumzo na ya dawa.

Walio kwenye hatua ya awali wana nafasi kubwa zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kupunguza takriban asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki kulipunguza kwa asilimia 58 uwezekano wa kuvuka kwenda kwenye kisukari kamili. Utafiti mwingine wa nchini humo, wa watu wenye kisukari cha aina ya pili na uzito mkubwa, uliona kuwa miongoni mwa wanawake waliokuwa na matatizo ya tendo la ndoa, zaidi ya robo ya waliopunguza uzito kwa mpango maalumu hawakuwa nayo tena baada ya mwaka mmoja. Kwa waliopewa elimu pekee, ni kama mmoja katika kumi.

Kwa mfanyabiashara, mazoezi hayadai ukumbi. Dakika 150 kwa wiki ni nusu saa ya mwendo wa haraka kwa siku tano, umbali ambao bodaboda humnyima kila siku kati ya stendi na soko. Soda ikibadilishwa na maji, na sahani ya wali ikapunguzwa ili mboga na maharage zipate nafasi, mabadiliko huonekana kwenye kipimo.

Mwenye kutumia insulini au vidonge kama glibenclamide ana tahadhari ya ziada. Tendo la ndoa ni kazi kwa mwili na linaweza kushusha sukari, hasa kwa aliyeshinda na njaa sokoni. Ale kwanza, na awe na kitu cha sukari karibu na kitanda. Safarini abebe dawa za siku zaidi ya alizopanga, pamoja na cheti cha daktari chenye jina la asili la dawa, kwani majina ya kibiashara hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine. Insulini isiachwe kwenye dashibodi ya gari wala juu ya mzigo unaochomwa na jua.

Safari ya watu wawili

Turudi kwa mama wa vitunguu. Kama siku ile ya zahanati angepimwa sukari, huenda mkutano wa ndugu usingeitishwa. Mume angesikia kwamba muwasho wa mkewe umeanzia kwenye damu, si gesti. Naye angeshauriwa kupima, kwa sababu wanandoa hula sahani moja, na kisukari kwa mwanamume huleta fangasi na kuishiwa nguvu, mambo ambayo nayo hugeuzwa tuhuma.

Kila tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, vituo vingi katika nchi za ukanda huu hupima sukari bure au kwa bei nafuu. Lakini si lazima kusubiri Novemba. Kipimo cha kidole huchukua muda mfupi kuliko kukagua hati ya uasili wa bidhaa kwenye dirisha la forodha.

Lori likishapata ruhusa Namanga, mama atapanda tena juu ya magunia kuelekea Marikiti. Barabarani kabla ya kufika sokoni kuna maduka ya dawa na zahanati kadhaa. Safari hii, badala ya krimu ya tano, anaweza kuomba kipimo.